Mkia wa neno, na kosa letu



Mu numero iliyopita, kwenye ukurasa wa «Tucheke kidogo», tuliandika habari ya mwanafunzi mmoja wa kalasi ya saba. Mwalimu wa jiografia aliuliza: nani atataja majina ya mawe ya Katanga yanayoishia kwa -ite? Mmoja akasema malachite, mwingine akasema hétérogénite. Yule mdogo akasimama na kusema: shabaite. Kalasi yote ikacheka. Wakubwa waliopita mu koridori nao wakacheka. Mmoja akamwambia: «We, ile haiko jina, unachanganya paka Kiswahili na Kifransa!» Na sisi wa gazeti, tukiwa watu wa kuandika, tukachukua habari ile, tukaitia chumvi, tukaitoa kwa kila mtu. Tangu siku ile mtoto yule hanyanyui tena mkono.

Leo tunataka kusema wazi: shabaite iko. Yule mdogo alisema kweli, na sisi tuliocheka njo hatukujua. Alileta karatasi ya baba yake mkubwa aliyefanya kazi mu laboratware kule Kolwezi. Tukaipeleka kwa mwalimu wa kemia. Mwalimu akatafuta, kiisha akatuambia: ni jiwe la kweli, lina uranium ndani, lilipatikana Kamoto, karibu na Kolwezi, na wenye elimu ya mawe walitangaza jina lake mwaka 1989. Wakati ule jimbo letu liliitwa Shaba. Mwaka 1997 jina la Katanga likarudi, na mwaka 2015 Katanga nayo ikagawanywa, sisi tukawa watu wa Haut-Katanga. Kwenye karta za leo hutaona jimbo la Shaba. Lakini mu vitabu vya mawe, Tokyo mpaka London, neno lile la Kiswahili lingali liko, na mkia wa Kigriki nyuma yake.

Kuomba radhi tu kungetosha kwa nusu ukurasa. Lakini tulijiuliza: sababu gani tulicheka? Jibu liko hili: tunajifunza maneno ya Kingereza na ya Kifransa sawa kasuku, hatuulizi mikia yao ina maana gani. Kama tungejua -ite ni nini, tusingecheka. Basi tuseme juu ya mikia.

Mu Kiswahili, maana nyingi inakaa kichwani pa neno. Mtu, watu, utu, kijitu: kichwa kinabadilika, shina linabaki. Kingereza kinapenda kubeba mzigo wake nyuma. Chukua «teach», kufundisha. Ongeza -er: «teacher», mwalimu. Chukua «good», ongeza -ness: «goodness», wema. Ongeza -less kwenye «home», nyumba ya mtu: «homeless», asiye na makao. Na sisi pia tuna mikia, tusijisahau: kufundisha, mfundishaji, kusoma, msomaji, kupika, mpishi. Anayejua -aji ya kwetu haiwezi kumshinda -er ya Waingereza. Ni kazi moja, mahali pamoja.

Sasa -ite yenyewe. Ni mkia wa Wagriki wa zamani, walisema -ites, maana yake «wa», «-enye kuhusika na». Warumi wakaupokea, Wafransa na Waingereza wakaurithi. Anayesoma Biblia ya Kingereza anaukuta kila mahali: Levite, Israelite, Canaanite, Hittite. Mu Biblia yetu ya Kiswahili ni Mlawi, Mwisraeli, Mkanaani, Mhiti. Mnaona? Pale Mwingereza anapoweka -ite nyuma, sisi tunaweka M- mbele. Wagriki walitumia mkia huo kwa mawe vilevile. Hematite ni jiwe la damu, kwa sababu «haima» ni damu kwao, na unga wa jiwe lile ni mwekundu. Malachite yetu, ile ya kijani tunayoona wachuuzi wakiuza ikiwa bangili na vijumba vya mapambo, imepata jina kutoka «malache», mmea fulani wenye majani ya kijani. Basi malachite ni jiwe la rangi ya jani lile. Hétérogénite, ambayo ndani yake watu wa kwetu wanatafuta kobalti, iliitwa hivi mwaka 1872: «heteros» ni ingine, «genos» ni aina. Jiwe la aina ingine. Na shabaite? Jiwe la Shaba. Basi. Yule mdogo hakuchanganya kitu. Waliochanganya ni wenye elimu wenyewe, na walifanya vile kwa sheria ya neno.

Tena kobalti yenyewe, ambayo leo dunia nzima inaitaka juu ya betri za simu na za motokari, jina lake lilitoka kwa uchawi. Wachimba mawe wa Ujeremani wa zamani walipata jiwe walilofikiri lina feza. Walipolichoma mu moto, feza hakuna, na moshi wake ulikuwa sumu. Wakasema: ni «Kobold», shetani mdogo wa chini ya udongo, njo aliiba feza na kutuachia takataka. Jina likabaki. Karibu mwaka 1735 Georg Brandt, mtu wa Sweden, akaonyesha kwamba ndani ya takataka ile mna chuma kipya ambacho hakikujulikana. Nani kati yetu alijua kwamba anaposema kobalti anamtaja shetani wa Wajeremani? Na ile sumu haikuwa shetani, ilikuwa arseniki. Neno linaweza kuhifazi kosa la wazee miaka mia tatu, na kosa likiisha, neno linabaki.

Kuna jambo lingine mu majina haya ya mawe, na sisi hatutaki kulipita kimya. Tuliandika orodha kidogo. Cornetite: ilijulikana kwa mawe ya Mine de l'Étoile, hapa hapa Lubumbashi, na jina ni la Jules Cornet, mtu wa Ubelgiji aliyepita Katanga kati ya 1891 na 1893 akiangalia mawe. Sengierite: ya Luiswishi, kwa jina la Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, yule aliyeuzia Wamarekani uranium ya Shinkolobwe wakati wa vita. Kiisha kuna zile za majina ya mahali: likasite ya mwaka 1955, kolwezite ya 1980, kamotoite ya 1986, shabaite ya 1989. Sisi tunafurahi kuona Likasi na Kolwezi mu vitabu. Lakini wazee wa Katanga waliyeyusha shaba mu vinu vya udongo na kuimwaga kuwa misalaba ya biashara zamani sana, mbele ya Mzungu yeyote kufika. Wafransa wanaita misalaba ile «croisettes», na hata leo inajulikana kuwa alama ya Katanga. Wazee wale walijua jiwe la kijani linaonyesha nini. Mu orodha yetu hatukuona jiwe hata moja lenye jina la mmoja wao.

Hatusemi hivi juu ya kulia. Tunasema: anayepata jiwe jipya na kulichunguza vizuri, yeye njo anapendekeza jina. Ni haki ya anayejua. Mtoto anayechekwa kwa sababu amesema jina la jiwe asilolijua mwenzake, atajifunza nini? Atajifunza kunyamaza. Na anayenyamaza mu kalasi ya saba hataingia laboratware. Njo maana jambo hili kwetu si mchezo wa maneno.

Tuendelee na mkia ambao wazee wetu wa Lubumbashi waliujua mbele ya mingine yote: -ville. Muji huu ulianzishwa mwaka 1910, wakati reli iliyotoka kusini ilipofika, na ukaitwa Élisabethville, kwa jina la Elisabeth, mke wa Albert wa kwanza, mfalme wa Wabelgiji. Likasi iliitwa Jadotville, Kalemie iliitwa Albertville, Kisangani iliitwa Stanleyville. Mwaka 1966 majina haya yakaondolewa. Mkia -ville ni wa Kilatini: «villa», shamba na nyumba ya bwana nje ya muji. Kidogo kidogo ikawa kijiji, kiisha muji. Kingereza kina mikia yake ya miji: -ton, kama Washington na Southampton, ambayo zamani ilikuwa «tun», mahali penye uzio, na -chester, kama Manchester, inayotoka «castra» ya Kilatini, kambi ya waaskari. Ukisoma Manchester unajua kwamba waaskari wa Roma walipiga kambi pale. Ukisikia mzee anasema «Elisabethvilli», unajua alizaliwa mbele ya 1966, ao alilelewa na waliozaliwa mbele.

Na sasa habari njema kwa wale wanaosema «Kingereza ni nguvu sana». Wandugu, ninyi munajua Kingereza nusu na hamujijui. Mwaka 1066 Guillaume, mkubwa wa Normandie, alivuka bahari akashinda Uingereza. Miaka mingi wakubwa wa kule walisema Kifransa, na wakulima walisema Kingereza. Njo maana ngombe akiwa hai anaitwa kwa neno la mkulima, «ox» ao «cow». Akifika mezani pa bwana anaitwa «beef», kutoka «bœuf». Kondoo ni «sheep» mu malisho, «mutton» mu sahani, kutoka «mouton». Kwa njia ile, na kwa njia ya Kilatini cha vitabu, mikia mingi ikahamia Kingereza. Mwenye Kifransa cha shule anaweza kuvuka nayo hivi:

Ya -tion inabaki -tion: nation, question, attention. Mandiko ni yale yale, sauti tu inageuka.
Ya -té inakuwa -ty: liberté, liberty, université, university.
Ya -ie inakuwa -y: géographie, geography, biologie, biology.
Ya -eur mara nyingi inakuwa -or: docteur, doctor, acteur, actor.
Ya -ment inabaki -ment: gouvernement, government.

Jaribuni ku nyumba. Mutapata maneno mia moja mbele ya chakula cha jioni. Lakini mujiangalie, kwa sababu kuna maneno yanayofanana uso na roho si moja. «Librairie» ya Kifransa ni duka la vitabu, «library» ya Kingereza ni mahali pa kuazima vitabu. «Actuellement» ni sasa, «actually» ni kwa kweli. Na mkia -ite nao unadanganya: «dynamite» haiko jiwe, ni kitu alichotengeneza Alfred Nobel mwaka 1867, akachukua «dynamis», nguvu, ya Kigriki. «White» na «bite» hayana mkia wowote, ni maneno ya kuzaliwa hivyo. Tena kuna jiwe liitwalo apatite, kutoka neno la Kigriki la kudanganya, kwa sababu watu walikuwa wanalifikiri kuwa jiwe lingine. Usilichanganye na «appetite», hamu ya kula, ambayo sisi wa interna tunaijua bila kamusi.

Wengine watasema: hii yote ni kupoteza wakati, examen d'État inakaribia, haiulizi Kobold wala Guillaume. Ni kweli, haiulizi. Lakini inaweka mbele yako maandiko ya Kingereza yenye maneno usiyoyaona kamwe, na hakuna mwalimu pembeni. Anayejua maneno mia moja kwa kichwa ana maneno mia moja. Anayejua mikia ishirini anaweza kukisia mamia. Tunafikiri huo ni wakati uliotumiwa vizuri.

Wengine tena watasema: Kiswahili chetu cha Lubumbashi hakina usafi, kimejaa maneno ya watu, hakiwezi kusimama mbele ya Kingereza. Hapo tunakataa kabisa. Tumeona sasa hivi kwamba Kingereza chenyewe kimeokota Kifransa, Kilatini na Kigriki, na kinatembea kichwa juu. Sisi tunasema «shule», neno la Wajeremani lililopita Tanganyika. Tunasema «meza» na «kapita», ya Wareno. Tunasema «kalasi», ya Wafransa. Tunasema «motokari», ya Waingereza, kwa sababu reli, wafanyakazi wengi na wamisionere wengi walitoka upande wa kusini, upande wa Rhodesia. Kila neno linaonyesha mlango lilimoingilia.

Angalieni Kitawala. Miaka ya 1920 mafundisho ya Watch Tower yalivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini yakaingia Katanga. Watu walisikia «tower», ambayo ni mnara tu. Midomo yetu ikaifanya «tawala», tukaweka ki- mbele, na ghafula neno la mnara likawa neno la utawala. Wakubwa wa Ubelgiji wakaogopa sana, wakafunga watu, wakahamisha wengine mbali na kwao. Hatuzungumzi hapa juu ya imani yao, kila mtu na kanisa lake. Tunazungumza juu ya neno: mnara wa Kingereza uliingia kinywani mwa Mswahili ukatoka ukiwa utawala. Hakuna profesa aliyefanya kazi ile. Watu wa kawaida waliifanya.

Tena mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa kitabu kidogo cha habari za muji huu, kwa ajili ya wale waliokuwa maboyi wa Wazungu. Kilipigwa kwa mashini, kikazidishwa kwenye karatasi, sawa gazeti letu hili. Alikiita Vocabulaire, yaani kamusi, lakini ndani ni historia. Mwaka 1990 wenye elimu, kati yao Johannes Fabian, walikitoa Ulaya pamoja na tafsiri ya Kingereza. Kiswahili ambacho mutu anakiita kichafu mu rekreasyo, wengine wanakisoma kwenye universite.

Basi, tunaomba mambo matatu.

La kwanza, kwa wanafunzi: mwenzako akisema neno usilolijua, uliza mbele ya kucheka. Uliza: mkia wake nini, limetoka kwa nani? Kama ni kosa, litajulikana, na hakuna atakayekufa. Kama ni kweli, utakuwa umepata kitu bule.

La pili, kwa walimu wetu tunaowaheshimu: mutupe ukuta mmoja mu koridori. Kila juma kalasi moja itaweka neno moja, la Kingereza, la Kifransa ao la kwetu, na maelezo ya asili yake. Na mukituruhusu, maelezo yaandikwe hata kwa Kiswahili. Tunajua amri ya kusema Kifransa mu kiwanja cha shule, na hatuombi ivunjwe. Tunaomba ukuta tu.

La tatu ni kwetu sisi wenyewe wa gazeti. Tangu leo hatutaandika tena kicheko juu ya jibu la mtu mu kalasi mbele ya kuangalia kama jibu lile ni kosa kweli.

Tulikwenda kumwomba yule mdogo radhi uso kwa uso, Jumatatu, nyuma ya kalasi ya saba. Tulimwuliza pia kama tunaweza kuandika habari hii. Alikaa kidogo, kiisha akakubali, akatoa masharti mawili. Jina lake lisitiwe humu. Na neno liandikwe vizuri, kwa sababu mu numero iliyopita tuliandika «chabaïte», na haiko vile.

Ni shabaite. S, h, a, b, a, kiisha mkia.